Sura ya Saba: Mchezaji wa Alhamisi

Simu ya shangazi Mektilda ilimkuta Ottilia njiani, sanduku la vitabu kichwani, akitoka shule ya msingi ya Lituhi kurudi maktaba. Alilitua sanduku kwenye jiwe, akapokea.

"Otti, uko wapi?"

"Shikamoo, shangazi. Niko njiani, narudi kazini."

"Marahaba. Sikiliza, mwanangu, usinikatize. Baba yako hayupo nyumbani. Tumeamka hatumwoni. Sasa hivi Raimundi amepita hapa na lori lake la makaa ya mawe, anasema alimpakia tangu alfajiri akamshusha Lituhi."

"Lituhi gani?"

"Kwani ziko ngapi, mtoto wewe?"

Ottilia alikaa juu ya sanduku bila kujua kwamba amekaa.

"Alisemaje, shangazi?"

"Kwangu hajasema neno. Kwa Raimundi alisema moja tu, 'Naenda kumchukua binti yangu.' Basi. Halafu alinyamaza mpaka ziwani." Shangazi alishusha sauti. "Otti, huyo kijana wako yuko hapo?"

"Yuko maktaba. Leo ni Alhamisi, siku ya watu wazima."

"Mtoe. Muda huu mtoe. Mwanamume asikutane na baba mkwe kama mbuzi wawili kwenye daraja la mti. Kuna utaratibu."

Utaratibu Ottilia aliujua vizuri. Kwao, katika kijiji cha Ruanda kule juu milimani, jambo kubwa halikuzungumzwa njiani. Lilipelekwa kwenye sengu, wazee na watu wa ukoo wakakaa, wakala chakula kimoja, wakasema mpaka lile jambo likaisha. Sengu ya ukoo wa Mzee Mansuetus Ndunguru ilikuwa Jumapili, na Ottilia alikuwa ameshaipanga moyoni: shangazi angeanza kulitaja jina la Erasmo polepole, kama mtu anayepima joto la maji kwa kidole. Mnyasa, wangesema. Mwanglikana, si Mkatoliki mwenzetu, wangesema. Yote hayo alikuwa ameyatafutia majibu. Kumbe baba hakusubiri Jumapili.

Alimpigia Erasmo. Simu iliita mpaka ikakata. Akapiga tena. Ndipo alipokumbuka. Siku za mchezo wa kusoma simu zote huwekwa kwenye ungo pale mlangoni mwa maktaba, hata ya Erasmo mwenyewe, na ungo hufunikwa na kanga. Sheria hiyo waliitunga pamoja, wakicheka.

Mama Ephrasia, muuza dagaa, alikuwa anapita na beseni lake tupu. Alimtazama usoni, hakumuuliza kitu. Alimwinua, akalinyanyua lile sanduku akajitwika.

"Wewe tangulia," alisema. "Nitalifikisha. Kimbia, mama."

Ottilia akakimbia.

Alikuwa msichana mtu mzima, mwenye cheti cha ukutubi kutoka chuo cha Bagamoyo na funguo za maktaba ya jamii kiunoni. Lakini kumwogopa baba hakuulizi cheti. Mzee Mansuetus hakuwahi kumpiga. Alikuwa mtu wa kunyamaza tu, na kunyamaza kwake kulijaza nyumba. Miaka mitatu iliyopita, mdogo wake Ottilia, Jastin, alipoanguka mtihani wa kidato cha pili kwa kushinda kwenye mabanda ya gemu ya Mbinga mjini, baba alinyamaza wiki mbili nzima. Wiki ya tatu Jastin aliondoka nyumbani. Sasa anaendesha bodaboda Songea, na hajapiga simu kwa baba yake tangu hapo. Neno gemu halikutajwa tena katika nyumba ile.

Na Erasmo, Mungu wangu, Erasmo kazi yake yote ilikuwa gemu.

Si zile za kwenye televisheni. Alikuwa amezichukua mbinu za gemu akazileta kwenye vitabu. Ottilia alipofika Lituhi alikuta maktaba yenye rafu nzuri na vumbi zuri, watu hawaingii. Watoto waliogopa kukosea, wakubwa waliogopa zaidi. Siku moja alikuja kijana wa ziwani, fundi wa simu, mrefu, mwenye sauti ya taratibu, akarekebisha taa ya jua bila kuombwa, kisha akamuuliza, "Dada, umeshawahi kuona mtu anashindwa mara arobaini na bado anacheka?" Ottilia akasema hajaona. "Mimi nimeona," alisema Erasmo. "Tuwafanye wasomaji wako wawe hivyo."

Wakachora ramani ukutani. Ngazi ya kwanza ufukweni, ya pili mashamba ya muhogo, ya tatu mtoni, ya nne kwenye kilima cha kwanza. Kila mchezaji alipewa kisosi chenye punje tatu za kahawa, hizo ndizo roho zake. Ukikosea unatoa punje moja na unapewa dokezo. Hugombezwi, huchekwi. Roho zikiisha, unaianza upya ngazi ile ile, hurudishwi mwanzo wa safari, maana ulichokwisha kukipata hakipotei. Kila mwisho wa ngazi kulikuwa na swali gumu ambalo watoto waliliita bosi. Katika miezi minne maktaba ilijaa mpaka watu wakaja na vigoda vyao. Na katika miezi hiyo minne, jamani, mtu hukaa na mtu akichora ramani, mkono unagusa mkono, rangi inakauka na moyo haukauki.

Alifika mlangoni anahema. Aliufunua ungo: simu ya Erasmo ilikuwa inawaka, jina lake juu yake mara mbili. Akainua macho.

Alikuwa amechelewa.

Baba yake alikuwa amekaa kwenye benchi la mbele, amevaa koti zito la milimani katika lile joto la ziwani. Kadi ya mchezaji mpya ilining'inia shingoni mwake. Mbele yake kulikuwa na kisosi chenye punje tatu. Erasmo alikuwa amechuchumaa chini, ili kichwa chake kisiwe juu ya kichwa cha mzee.

"Otti!" Erasmo aliita kwa furaha. "Njoo uone, tumepata mchezaji mpya. Mzee ametoka safari, nimemwambia apumzike kwanza, yeye akasema anataka kuona tunachokifanya."

Mzee Mansuetus aligeuka. Macho yao yakakutana. Hakusema "mwanangu." Alimtazama tu, akingoja.

Ottilia alijua neno la kusema. Lilikuwa neno dogo la herufi nne, alilolisema tangu ana meno mawili. Lakini kilichotoka mdomoni kilikuwa kingine.

"Shikamoo, mzee."

Kama mtu anavyomwamkia mpita njia.

Kope za baba yake zilishuka, zikapanda. "Marahaba," alijibu.

Basi. Neno lililotoka halirudi, na kila pumzi iliyopita ililifanya zito zaidi. Ottilia alisimama kando ya rafu, amekishika kitabu asichokijua.

"Haya, mzee wangu," alisema Erasmo, "ngazi ya kwanza umeshinda bila kupoteza hata roho. Umekitoa kitabu cha kahawa kati ya vitabu thelathini."

"Kina picha ya mbuni," alisema Mzee Mansuetus. "Mwenye macho ataacha kuuona?"

"Wengine wameuacha. Sasa ngazi ya pili, kitabu nakifunika. Kuna kadi sita hapa. Moja imeandikwa neno lile lile la kwenye jalada. Nipe hiyo."

Mzee alizitazama zile kadi muda mrefu. Alitoa moja, akaisukuma mbele.

Ilikuwa SAMAKI.

Kule kwenye mkeka walikokaa wanawake wawili wa ngazi ya tatu, Bibi Beata alipiga makofi. "Roho moja hiyo! Pole, mzee mwenzangu! Usiogope, mimi wiki iliyopita nilikufa mara nne na leo nimekula ugali!"

Mzee Mansuetus hakucheka. Alitoa punje moja kutoka kwenye kisosi, akachagua kadi ya pili. MTUMBWI. Punje nyingine ikatoka. Mkono wake ulipapasa kadi bila kujua uishike ipi, ule mkono uliochimba ngolo, mashimo ya kutunza maji ya mvua shambani, kwenye mteremko mzima wa kilima.

Ndipo Ottilia alipoelewa.

Baba hajui kusoma.

Yale yote ya "macho yangu hayaoni vizuri, nisomee." Zile Jumapili kanisani akiwa amekishika kitabu cha nyimbo, akiimba kwa kichwa. Yeye, mkutubi, binti yake wa kwanza, alikaa nyumba moja na baba huyo miaka ishirini na hakuona. Erasmo alikuwa ameona kwa robo saa.

Na wala hakumwaibisha. Alizichukua zile kadi taratibu, akazigeuza kama mtu anayezipanga tu.

"Mzee, mimi nimekosea," alisema. "Nimekupa bosi kabla ya dokezo. Angalia hapa. Herufi ya kwanza ya neno letu ni hii. Ni kama mti umesimama wima, halafu umeachiwa matawi mawili upande mmoja tu."

Mzee aliinama. "Mtu amepogoa vibaya."

"Vibaya sana!" Erasmo alicheka. "Halafu hii inayofuata ni paa la nyumba, lina boriti katikati. Neno letu lina mapaa matatu."

Kidole cha mzee kilitembea juu ya kadi. Kilipita, kikarudi, kikahesabu mapaa. Hata Bibi Beata alinyoosha shingo kutazama. Kidole kikasimama.

"Hii."

KAHAWA.

"Ngazi ya pili!" alisema Erasmo, akazirudisha zile punje mbili kisosini kwa mikono miwili, kama anampa mtu kitu cha thamani. Kisha aliinuka, akachota maji ya mtungini, akampa mzee kikombe. Alirudishia dirisha kidogo ili jua lisimpige usoni.

Mzee alikunywa yote. Akatazama ile ramani ukutani.

"Na huko juu kabisa? Huo mlima wenye mibuni, ndiyo ngazi ya mwisho?"

"Ndiyo, mzee."

"Mbona hapa ni ziwani? Mibuni inatoka wapi?"

Erasmo alimtupia Ottilia jicho moja fupi, lile jicho ambalo siku nyingine lingemfanya atabasamu mpaka jioni. "Ni kwao mtu mmoja," alisema. "Sijawahi kufika. Nimepachora kwa kusimuliwa."

Ottilia alitamani ardhi immeze. Nyamaza, alimwambia moyoni. Nyamaza, mpenzi wangu, usiseme neno lingine.

"Kijana," alisema Mzee Mansuetus, "umejifunzia wapi kutomgombeza mtu anayekosea? Mimi nimesoma darasa moja tu, nikatoka na alama za fimbo. Mwalimu wako ni nani?"

Erasmo alikaa chini kwenye mkeka. Uso wake ulibadilika.

"Mwalimu wangu si mzuri kumtaja, mzee. Otti, kaa na wewe usikie. Miezi minne nimeshindwa kukuambia tukiwa wawili. Labda mbele ya mgeni nitaweza."

"Erasmo, baadaye," alisema Ottilia. "Mgeni amechoka."

"Sijachoka," alisema baba yake.

"Nilikuambia kwamba Mbinga mjini nilikuwa fundi simu," Erasmo aliendelea, akimtazama Ottilia. "Ni kweli, lakini nusu. Nilikuwa na banda la gemu. Televisheni nne. Watoto walikuja na sare za shule, na mimi nilifungua mlango. Niliona wale ambao shuleni wanachapwa kwa kukosea mara moja, kwangu wanakosea siku nzima na kesho wanarudi. Niliona ni kwa sababu gani. Pale mashine haimtukani mtu. Inamwambia jaribu tena. Hayo ndiyo niliyoyaleta hapa."

"Endelea," alisema mzee.

"Kulikuwa na mmoja, anaitwa Jastin. Mwenye akili kuliko wote. Anamaliza ngazi ambazo mimi mwenye banda sijazifikia. Alikuwa anakuja asubuhi na begi, anatoka jioni na begi. Nilijua anatoroka shule, mzee. Nilijua. Nilipenda tu kumwona anacheza, na banda lilikuwa langu, na sikumrudisha. Alipoanguka mtihani alikuja akakaa mlangoni, hakucheza. Aliniambia, 'Kaka Erasmo, nyumbani siwezi kwenda.' Wiki ile nikafunga. Kwao sikukujua. Alisema ni milimani."

Nje, wanawake walisikika wakianua dagaa kwenye vichanja.

Ottilia alihisi vitu viwili kwa pamoja, na hakujua mtu anaweza kuvibeba vyote. Alitaka kumpiga kofi Erasmo. Na alitaka kusimama mbele yake ili baba asimfikie. Mdogo wake. Jastin wake, aliyembeba mgongoni mpaka akajifunza kutembea. Na huyu hapa, aliyempenda, ndiye aliyemfungulia mlango.

Angeweza kunyamaza. Baba angeondoka bila kujulikana, au angesema mwenyewe. Hofu ilimwambia, nyamaza. Lakini alimtazama yule mzee kwenye koti lake, ambaye binti yake mwenyewe alimwamkia kama mgeni, akaona kwamba akinyamaza tena atakuwa amemkana mara ya pili.

"Erasmo," alisema. "Jastin ni mdogo wangu, wa tumbo moja. Na huyu si mgeni. Huyu ni baba yangu."

Alipiga magoti pale pale sakafuni. "Shikamoo, baba. Nisamehe, baba. Niliogopa."

Erasmo alikuwa amepauka. Aliinuka nusu kutoka mkekani.

Mzee Mansuetus aliweka mkono juu ya kichwa cha binti yake. Mkono ulikuwa mzito na wa moto.

"Marahaba, mwanangu," alisema. Kisha akamgeukia Erasmo. "Nilikujua kabla sijapanda lori. Jastin alilitaja jina lako siku ile alipoanguka mtihani: Erasmo wa Lituhi. Shangazi mtu juzi akaponyokwa, akalitaja tena kwa habari ya wewe na binti yangu, anacheka. Sikulala. Nilikuja kumchukua binti yangu, na wewe nikuone uso."

"Ndiyo, mzee," alisema Erasmo.

"Ungejua mimi ni nani, ungesema uliyoyasema?"

Ottilia alifunga macho. Sema ndiyo, alimwombea. Sema ndiyo tu.

"Sijui, mzee," alisema Erasmo. "Naogopa ningenyamaza."

Mzee aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepima debe la kahawa akaona limejaa sawasawa. Kisha aliingiza mkono ndani ya koti, akatoa mfuko wa nailoni uliokunjwa. Ndani kulikuwa na bahasha tatu, kingo zimechakaa.

"Hizi zilitoka shuleni kwa Jastin, mwaka ule, moja baada ya nyingine. Nilizipokea kwa mkono wangu. Wewe Otti ulikuwa Bagamoyo, mama yenu tumeshamzika. Nani wa kunisomea? Nikampa Jastin mwenyewe. Akasoma, 'Baba, wanasema mtoto anaendelea vizuri.' Mara tatu akanisomea hivyo. Nami nikafurahi mara tatu."

"Baba," alisema Ottilia.

"Mwaka jana nilimwomba katekista anisomee. Ndipo nikajua walikuwa wananiita shuleni, mtoto haonekani darasani." Alizishika zile bahasha kwa mikono yote miwili. "Huyu alifungua mlango. Sikatai. Lakini mimi nilikuwa na barua mkononi, na nilimchukia yeye miaka mitatu kwa sababu nilikuwa naona haya kusema sijui kusoma. Ningemwambia hata mwenye lori tu, mwanangu angekuwa shule."

Bibi Beata alijipangusa macho na ncha ya kitenge, akamshika mwenzake mkono, wakatoka nje polepole bila kuaga, ili watu wabaki na mambo yao.

Erasmo alipiga magoti kando ya Ottilia. "Mzee, niambie la kufanya. Ukisema niondoke, naondoka."

"Nikikuambia uondoke ndiyo rahisi," alisema Mzee Mansuetus. "Uanglikana wako tungezungumza na padri. Unyasa wako wa samaki tungeuzoea. Lakini siwezi kukukaribisha kwangu ukakaa kwenye kigoda cha mtu ambaye hayupo. Jumapili tuna sengu. Nenda Songea, mtafute Jastin. Yule hatanisikia mimi. Labda atakusikia wewe, uliyekuwa ukimtazama akishinda. Mlete, mle naye chakula kimoja, tuseme mpaka tumalize. Ukija naye, nitakusikiliza habari za binti yangu."

"Na nikija bila yeye?"

"Bila yeye usije."

Alizirudisha bahasha kwenye mfuko, akainuka, akatoka kukaa kivulini.

Walibaki wawili. Miezi minne walikuwa wanatafuta dakika ya kubaki wawili katika chumba kile, na sasa wameipata wakawa wanaogopana.

"Ulinificha," alisema Ottilia.

"Nilikuficha banda. Undugu wenu sikuujua, Otti, naapa."

"Ulimwona ana sare."

"Nilimwona."

"Kila siku."

"Kila siku." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Nichukie. Lakini usiniambie leo kwamba umeniacha. Niambie Jumapili. Nikiambiwa leo, nguvu za kwenda Songea nitazitoa wapi?"

Ottilia alimtazama. Alikuwa amekasirika, hasira ya kweli, ile ya mtu wa damu moja. Na chini ya hasira, kama maji chini ya mchanga ukichimba kidogo tu, alikuwepo yule yule Erasmo aliyechuchumaa ili asimzidi mzee kimo.

"Jastin hapendi kushikwa bega," alisema hatimaye. "Ukimshika bega anaondoka. Mwache aongee kwanza hata akitukana. Na usimwambie baba amemsamehe. Mwambie baba hajui kusoma. Mwambie hilo tu, la barua ataelewa mwenyewe."

"Na wewe unabaki?"

"Napanda milimani na baba. Nilimwamkia kama mpita njia, Erasmo. Siwezi kumwacha arudi peke yake."

Alifungua funguo za maktaba kiunoni, akataka kumpa, kisha akakumbuka kwamba naye anasafiri. Mama Ephrasia alikuwa amefika mlangoni na sanduku la vitabu, akilitua bila kishindo. Alinyoosha mkono akazichukua.

"Nitafungua jioni," alisema. "Mimi niko ngazi ya tatu, kwani sijui kupanga punje? Nendeni."

Erasmo alisogea. Vidole vyake vilivigusa vya Ottilia, vikakaa hapo kwa muda wa pumzi mbili, vyote baridi. Hakumbusu, maana baba alikuwa nje. Alitoka, akasimama mbele ya mzee kwa heshima, akainamisha kichwa, akapanda bodaboda ya kwanza iliyopita hata nauli hajauliza. Hakuchukua nguo ya kubadilisha. Vumbi lilimfunika kabla hajafika kwenye kona.

Ottilia alikwenda akakaa na baba yake kwenye benchi la duka lililo kando ya barabara, kungoja gari la kupanda. Kivuli kilikuwa kidogo, cha mtu mmoja tu. Baba yake alisogea, akaingia juani na lile koti lake, akamwachia kivuli chote.

"Baba."

"Naam."

"Asipokubali kuja?"

Lori moja lilipita likielekea ziwani, upande ambao si wao.

"Tangu asubuhi ulikuwa unaniogopa mimi," alisema mzee.

"Ndiyo, baba."

"Na sasa?"

Ottilia alitazama ile kona aliyopotelea Erasmo.

"Sasa namwogopa Jastin."

Mzee Mansuetus alifungua vifungo vya koti, kimoja kimoja, akashusha pumzi ndefu.

"Hata mimi," alisema.